Ugali wa Watu Wawili

Jumatatu moja ya mwaka 1968, Nyanchera alifika kwa mwalimu Thadeus, kule Nyaramba, na mkungu wa ndizi kichwani. Alitaka barua ya Kiingereza. Mumewe, Nyamongo, alikuwa amefia katika shamba la chai la Wazungu huko Kericho, nao wakamzika hukohuko bila kumwita mtu. Nyanchera alimtaka arudishwe, alale upande wa kulia wa nyumba yake kama mwanaume mwenye boma.

Thadeus hakuwa mgeni wa majonzi ya Kiingereza. Miaka tisa aliwafundisha watoto kwamba maneno yake huenda mawili mawili, kama ng'ombe wa jembe: huzuni huwa ya kina, machozi huwa machungu, na moyo ukiguswa sharti uvunjike. Akaziandika jozi zote tatu, kwa mwandiko wa kujivunia. Alipoinua kalamu, karatasi ikainuka pia, ikaenda kutulia chini ya mabati.

Aliishusha kwa ufagio. Akaandika nyingine, nayo ikapanda vilevile.

"Kwani wewe mwenyewe unataka kusema nini, mama?"

Nyanchera akafikiri. "Sema mpaka leo nasonga ugali ya watu wawili."

Hilo halikuwa na jozi. Thadeus aliliandika hivyohivyo, machozi yakimlengalenga, na meza ikaguna kwa uzito. Ilibidi Nyanchera asokote ngata ya majani ya mgomba ndipo barua ikae kichwani. Mwalimu akamsindikiza hadi posta ya Kisii, wakipokezana. Karani alimwita mwenzake, wakaiinua, wakaigonga muhuri.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, likielea juu ya tarishi, limefungwa kwa uzi. Lilikuwa limepigwa chapa. Jozi zote tatu zilikuwamo, zimepangwa vizuri kuliko za Thadeus. Kuhusu mwili, haikuwezekana: mahali pale palikuwa pamekwisha kupandwa chai.

Thadeus alikwenda kumsomea nyumbani kwake, akaona haya kwa niaba ya lugha aliyoipenda. Alipoufungua uzi, barua ilijiendea kwenye nyasi za paa, palipokaa moshi. Hakuna aliyeihangaikia.

"Kaa ukule, mwalimu," Nyanchera alisema.

Akaukata ugali, akampa sehemu ya Nyamongo. Thadeus alikula taratibu, akamaliza. Chai haikuandaliwa, wala yeye hakuuliza.