Nyufa za Mkwe

Kwa miaka thelathini na minne mzee mmoja alipiga plasta kwenye nyumba za watu, na mafundi wenzake walimwita Rula. Ukuta aliomaliza yeye ungeweza kuuegemezea rula ndefu, juu hadi chini, usione hata uzi wa mwanga ukipenya. Jina hilo alilipenda, ingawa hakuwahi kukiri.

Mwaka aliotimiza miaka sitini na moja, jukwaa la mbao lilikatika akiwa amesimama juu yake. Akaanguka, akavunjika mtulinga, mfupa wa bega, upande wa kushoto. Daktari alimfunga mkono kifuani akamwambia asiguse kazi kwa wiki kumi. Mkewe alishafariki, na kwake hapakuwa na mtu wa kumsaidia hata kufunga vifungo vya shati, kwa hiyo mwanawe, fundi wa simu, alimchukua akakae naye.

Nyumba ya mwanawe ilikuwa na vyumba vitatu. Cha nyuma, chenye dirisha pana, kilikuwa chumba cha kazi cha mkwewe. Mkwe huyo alifundisha uchoraji katika shule ya sekondari, na kila mtu, mumewe akiwemo, alimwita Mwalimu. Yeye na mzee waliheshimiana mno, kiasi kwamba tangu aolewe hawakuwahi kuzungumza kwa zaidi ya dakika tano. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Chai iko mezani. Basi.

Siku ya kumi na mbili, nyumba ikiwa tupu, mzee alichoka kutazama dari ya sebuleni, ambayo kwa macho yake ilikuwa imepinda upande wa mlango. Akaanza kukagua kuta za nyumba moja moja. Hivyo ndivyo alivyofika chumba cha nyuma.

Mezani kulikuwa na ubao wa plaiwudi mkubwa kama mlango wa kabati. Ulikuwa umepakwa jasi iliyochanganywa na gundi, na humo ndani vilikuwa vimekandamizwa vipande vya gunia, maganda ya miti, matete makavu na mchanga. Juu yake zilipita rangi za kijivu na za udongo. Na ulikuwa umepasuka wote, pembe hadi pembe.

Mzee aliusikitikia. Alijua mkwewe ana kitu anachokitayarisha kwa ajili ya maonyesho ya maktaba kuu, lakini hakuna aliyemweleza ni kitu gani. Akaona jambo moja tu: binti wa watu amejaribu plasta, imemshinda, na ameona haya kumwomba msaada baba mkwe.

Chini ya meza palikuwa na mfuko wa jasi, ndoo na mwiko. Alibana beseni kati ya magoti akakoroga kwa mkono mmoja. Aling'oa maganda yaliyolegea, akapiga msasa kila palipochomoza, kisha akapaka safu mbili nyembamba. Kazi ambayo zamani ingemchukua nusu saa ilimchukua saa tatu. Bega lilimuuma, lakini tangu aanguke hakuwa amejisikia vizuri namna ile.

Mwalimu alirudi saa kumi jioni. Alikaa chumba cha nyuma kwa muda, kisha akaja sebuleni akasimama mlangoni.

"Baba, kuna mtu aliingia kule nyuma?"

"Mimi, mwanangu. Ulikuwa umepasuka vibaya. Ungesema mapema, nisingekuacha uhangaike peke yako."

Mwalimu alimtazama, akatazama mkono uliofungwa kifuani.

"Asante, baba," alisema.

Akaenda bafuni akanawa mikono. Haikuwa michafu. Alinawa mpaka mumewe alipofika na kugonga mlango kuuliza kama maji yameanza kugawiwa bure.

Ni huyo mumewe aliyemweleza mzee ukweli, jikoni, kwa sauti ya chini. Ule ubao haukuharibika. Ndivyo ulivyotakiwa uwe. Wiki saba Mwalimu alikuwa akiufanyia kazi, na ulitakiwa kufika maktaba baada ya siku kumi na moja.

"Nyufa alizitia mwenyewe?" mzee aliuliza.

"Mwenyewe, baba."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi." Halafu, kwa kuwa hakupenda kimya, akaongeza, "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe umeziba, na bado ni yeye wa kujenga ukuta."

Hakuna aliyecheka. Mzee aliacha chakula chake nusu akaenda kulala.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Hakutoka kunywa chai. Mwalimu alimpelekea kikombe chumbani, akamkuta ameketi kitandani amevaa viatu.

"Nionyeshe ulikuwa unachora nini," alisema mzee.

Mwalimu akamwonyesha picha kwenye simu. Lilikuwa bwawa la nyuma ya kiwanda cha matofali, lililokauka tangu mvua zikatike. Mzee alikuza picha kwa vidole viwili, akaipunguza, akaikuza tena.

"Simu inadanganya," alisema. "Twende."

Walitembea dakika ishirini, Mwalimu akiwa nyuma kidogo. Bwawani hakukuwa na mtu. Tope lilikuwa limekauka vipandevipande, na kingo za kila kipande zimejikunja juu kama soli ya kiatu kilichonyeshewa. Mzee alipiga goti, akaingiza kidole kwenye ufa, akainua kipande kimoja na kukigeuza.

"Hapa katikati tope ni nene," alisema. "Ndiyo maana vipande ni vikubwa. Sasa tazama kule ukingoni, tope ni jembamba, vipande vidogo kama kucha. Unaona?"

"Naona."

"Ubao wako vipande vyote vilikuwa saizi moja. Ulipaka unene mmoja kila mahali."

Mwalimu alikuwa amekuja hapa mara nyingi na daftari lake, amechora rangi, amechora vivuli, na hilo hakuwa ameliona. Lilimkera kidogo. Kisha akatoa daftari mkobani na kuliandika.

"Na jasi haitakupa hii," mzee aliendelea. "Jasi inaganda, haisinyai. Ule ulipasuka kwa sababu ya gundi tu. Ukitaka nyufa za tope, tumia tope."

Waliondoka na mfuko uliojaa.

Mchana ule walilowesha udongo, wakauchuja kwa chandarua kikuukuu, wakautia gundi kiasi. Mzee akachukua mwiko ili aupake juu ya ubao uleule. Hapo ndipo ilipotokea shida ambayo hakuitarajia. Kila alipopaka, mkono ulirudi wenyewe ukalainisha. Alijaribu mara nne. Mara zote nne ubao ulitoka umenyooka.

"Mkono umegoma," alisema, akampa Mwalimu mwiko. "Paka wewe. Mimi nitasema."

Akageuza kiti akaupa ubao mgongo.

"Maji zaidi."

"Nimeongeza, baba."

"Zaidi. Bado nasikia mwiko unakwaruza. Unaogopa nini? Sasa rundika katikati, unene wa vidole viwili. Pembeni ufifishe. Usisawazishe!"

"Sisawazishi."

"Nakusikia unasawazisha."

Mwalimu alicheka, na mzee, akiwa amekodolea macho ukuta, akacheka pia.

Walikausha ubao dirishani. Siku ya pili nyufa zilianza kama nywele. Siku ya nne vipande vilijikunja, na Mwalimu akadondosha gundi nyepesi ndani ya kila ufa ili visibanduke. Pembe moja ilibanduka hata hivyo, ikaacha kiraka cheupe na laini cha kazi ya mzee. Yeye akataka kuziba. Mwalimu akasema paachwe. Mzee akatia mkono mfukoni.

Zikabaki rangi, na huko mzee hakuwa na la kusema. Mwalimu alimwaga maji ya kahawia yakafuata nyufa yenyewe, akasugua majivu kwenye kingo zilizoinuka, akabandika karatasi nyororo iliyokunjwakunjwa na nyuzi za matete. Mwishoni akapitisha kijani cha kutu ya shaba mahali pamoja tu.

"Bwawa liko wapi?" mzee aliuliza.

"Halipo. Limebaki tope lake tu."

"Na matete umeyalaza?"

"Nimeyalaza. Maji yalipokwisha yalianguka."

Aliutazama ubao kwa muda mrefu. "Haya," alisema.

Siku ya ufunguzi mzee alivaa shati la kola. Kwenye ukumbi wa maktaba alikutana na msimamizi mmoja wa ujenzi, ambaye waliwahi kufanya kazi pamoja, aliyekuja na binti yake. Msimamizi alisimama mbele ya ubao akatikisa kichwa.

"Rula, hebu ona. Plasta hii kapiga nani, adui yake?"

Mwalimu alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Mzee alikohoa.

"Mkwe wangu," alisema. "Nilimsimamia mimi."

Msimamizi alidhani ni utani. Alipoona si utani, aliusogelea ubao tena na kutazama kwa karibu, akiwa ameshika mikono nyuma.

Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa mtu aliyechora farasi. Ubao wa Mwalimu ulirudi nyumbani wiki tatu baadaye, ukatundikwa sebuleni. Mtulinga ulipopona, mzee alirudi kwake na kwenye kuta zake, ila sasa kazi za juu aliwaachia wengine.

Wiki mbili baada ya kuondoka alipiga simu. Mwanawe akanyoosha mkono kuipokea, lakini Mwalimu alishaiwahi. Alikuwa na swali la kumuuliza mzee kuhusu chokaa, kwa nini inabanduka juu ya mbao mbichi. Wakazungumza dakika ishirini na tano. Mume alisubiri zamu yake amsalimie baba yake, na alipoomba simu akaambiwa mzee ameshakata.