Abiria Hajafika

Kila asubuhi mdogo wake alimwogesha msusi kwa beseni la maji ya vuguvugu, akianza na uso na kumalizia na miguu. Mgongo hakuufikia, kwa kuwa mgongo ulikuwa umeshikana na kiti. Kilikuwa kiti cha basi, cha watu wawili, chenye kitambaa chekundu kilichopauka na msumari uliochomoza upande wa kulia, ambao mdogo mtu alikuwa ameshauzungushia tambara. Basi lilipopinduka kwenye kona na watu wakamvuta msusi kupitia dirishani, kiti kilitoka pamoja naye. Hospitalini walijaribu kuwatenganisha kwa kila njia waliyofundishwa, kisha wakaacha, maana walikuwa na wagonjwa wengine.

Picha ya eksirei ilionyesha nyonga iliyopasuka na springi za kiti, vyote kwenye karatasi moja, na daktari alivisoma vyote bila kubagua. Alisema nyonga inataka kuwekewa chuma kabla mfupa haujaunga wenyewe, kwa sababu mfupa ukiachwa huunga unavyotaka. Akiwekewa chuma atasimama, na akisimama kiti kitamwachia. Gharama ya chuma hicho ukoo mzima usingeiweza hata ungeuza mpaka milango. Daktari aliwaambia kwamba kampuni ya basi ndiyo inayopaswa kulipa, ndivyo sheria inavyosema, akawaruhusu waende nyumbani.

Kabla ya ajali msusi alikuwa akisuka amesimama, na mistari yake ilinyooka kama ya rula. Sasa wateja waliketi kwenye mkeka mbele ya magoti yake, pale kibarazani. Taabu haikuwa kukaa, taabu ilikuwa ni kwamba kiti bado kilikuwa safarini. Kila asubuhi, saa ya basi kuondoka ilipofika, kilianza kutetemeka, kikapanda vilima na kuteremka, kikafunga breki kila kituo. Mchana kilipofika kwenye kona ile kililala upande, kikamtupa msusi mpaka nyonga ikamtoa machozi, kisha kikatulia hadi asubuhi ya pili. Hakikuwahi kuivuka kona. Nywele zikapinda kila palipokuwa na matuta barabarani, na wateja wenye harusi wakahamia kwingine. Waliobaki ni wale wanaovaa vilemba.

Upande wa dirishani alikaa mzee mmoja, fundi saa, ambaye alifia palepale kwenye kona. Alifika kila asubuhi kiti kilipoanza kutetemeka, amepakata mfuko wake, akasalimia, na kwenye kona akaondoka. Hakuwa msumbufu. Msusi alipohitaji mkono wa tatu, alimshikia uzi. Siku moja mkewe alimletea sweta, akikumbuka kwamba madirisha ya mabasi huingiza upepo, akamuuliza ufunguo wa kabati la dukani aliuweka wapi. Akaambiwa. Alimfunga vifungo vyote mpaka shingoni, akanywa chai, akaaga kabla ya kona kwa sababu hakutaka kuiona.

Wakili alipatikana kwa mdogo mtu, ambaye ni mwalimu wa chekechea. Wakili huyo alikuwa baba wa mmoja wa wanafunzi wake, kijana mwenye suti moja na matumaini mengi. Kampuni ilianza kwa kumjibu kwamba basi hilo si lake. Baadaye ikasema basi ni lake ila dereva si wake. Ilipobanwa zaidi, ikakumbusha kwamba kiti anachokalia mdai ni mali ya kampuni, lakini kwa kumwonea huruma ilikuwa tayari kumwachia. Wakili alilisoma jibu hilo kwa sauti, akalikunja, akaomba maji ya kunywa.

Kesi ikawa ya nenda urudi. Mara hakimu yuko likizo, mara wakili wa kampuni ana mafua, mara jalada limefungiwa chumbani na mwenye ufunguo amesafiri. Kila mara msusi alipakiwa kwenye mkokoteni pamoja na kiti chake, na mzee pembeni, na wasukuma mkokoteni wakazoea kuinama kulia au kushoto kwenye barabara iliyonyooka. Kila akipimwa, daktari alisema mfupa umeanza kuunga, bado kidogo, wafanye haraka. Mdogo mtu alianza kuota akimwona dada yake amesimama jikoni. Akiamka hakumwambia.

Siku moja wakili alichuchumaa mbele ya kiti, akamwangalia mzee.

"Mzee, wewe uliona mambo yalivyokuwa?"

"Nilikuwa dirishani, mwanangu. Ningeachaje kuona?"

"Uliona nini?"

"Dereva ana simu sikioni, anacheka na mtu. Mbele yetu lori, akataka kulipita hapohapo kwenye kona. Tukapiga kelele basi zima. Akatuambia tusimfundishe kazi."

Wakili alisimama akajifuta magoti. Shahidi kama huyu, alimwambia mdogo mtu, hapatikani kirahisi. Hatishiki, hahongeki, na hawezi kupotezwa. Jioni hiyo mdogo mtu alimpigia mjomba wao simu kumwambia kwamba mambo yamekaa sawa, na kwa mara ya kwanza tangu ajali alikula akashiba.

Siku ya kusikilizwa ilifika. Karani wa mahakama alidai kitambulisho cha shahidi. Mzee alieleza kwamba mkewe alikirudisha serikalini alipokwenda kuandikisha kifo chake. Hakimu, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alimtazama mzee juu ya miwani.

"Mahakama inamwona," alisema. "Aapishwe."

Mzee aliapa, akaeleza simu, lori na kelele za abiria, bila kutia chumvi. Alipomaliza, hata askari wa mlangoni alikuwa akitikisa kichwa kwa masikitiko. Wakili wa kampuni alikuwa mtu mpole aliyenukia vizuri. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole sana kwa yaliyokukuta. Sina ubishi na uliyoyasema. Nina jambo dogo tu la kukuuliza. Siku ile ulikuwa unakwenda wapi?"

"Mwisho wa njia. Kwa binti yangu, amejifungua."

"Umeshafika kwa binti yako?"

Msusi alimgeukia mzee. Wakili wake naye alimgeukia, akikaza macho kama mtu anayemkonyeza bila kukonyeza. Lakini mzee alikuwa amemaliza umri wake wote akiwaambia watu ukweli kuhusu saa zao, hata zile zilizokuwa zawadi za marehemu, na hakuona sababu ya kubadilika sasa.

"Bado," alisema. "Tuko njiani."

"Na mama huyu uliyekaa naye?"

"Naye bado. Tuko pamoja."

Wakili wa kampuni alimshukuru. Akaieleza mahakama kwamba kwa masharti ya tiketi, ambayo kila abiria huyakubali anapopanda, madai hupokelewa baada ya abiria kufika mwisho wa safari. Kabla ya hapo abiria yuko chini ya uangalizi wa kampuni. "Mheshimiwa, wateja hawa bado wako mikononi mwetu," alisema, na alionekana kweli kuguswa na maneno yake.

"Mheshimiwa, basi lenyewe limeshauzwa chuma chakavu!" wakili wa msusi alisema, sauti ikimpanda.

Hakimu alifungua mdomo ajibu, na hapo kiti kikafika kwenye kona. Kililala upande, kikamtupa msusi juu ya mbao za kizimba. Alilia kwa sauti, kwa maumivu, na kwa sababu watu wote walikuwa wakimwangalia akiwa na gauni limepanda. Mdogo mtu aliruka benchi kwenda kumwinua. Upande wa dirishani hapakuwa na mtu tena.

Hakimu alingoja mpaka kilio kikapungua. Akasema mahakama imejionea yenyewe kwamba safari haijaisha, kwa hiyo dai limeletwa kabla ya wakati wake. Mdai akifika, afungue upya.

"Mheshimiwa, hawezi kufika," wakili wa msusi alisema. "Kila siku ni kona hiihii."

"Basi avute subira," hakimu alisema. Hakusema kwa ukali. Alimwagiza askari awasaidie kubeba kiti kushuka ngazi.

Njiani mdogo mtu alilia waziwazi, akitembea kando ya mkokoteni, bila kujali nani anamwona. Msusi hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo haikuwa juu ya kampuni wala hakimu, ambao hakuwahi kutegemea mema kwao. Ilikuwa juu ya mzee.

Asubuhi ya pili mzee alikuja kama kawaida, amevaa sweta lake.

"Nimekuharibia, binti yangu."

"Hukusema uongo, baba."

"Ningeweza kunyamaza."

"Ungeweza," msusi alisema. Siku hiyo hakumpa uzi ashike. Kesho yake akampa, kwa kuwa mikono miwili haikutosha na kichwa cha mteja kilikuwa kikubwa.

Wakili alikata rufaa. Rufaa ikapewa tarehe, na tarehe hiyo ikapewa tarehe nyingine. Mwishowe akaacha kupokea simu, na mtoto wake akahamishiwa chekechea nyingine.

Daktari alipopiga picha tena, aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda mrefu, akaonekana kuridhika.

"Umeunga," alisema.

"Umeunga vizuri?" aliuliza mdogo mtu.

"Umeunga barabara. Ila umeunga akiwa amekaa." Alionyesha kwa kalamu mahali ambapo mfupa na springi vilikuwa vimekuwa kitu kimoja. "Chuma hakina pa kuingia tena. Lakini sasa kukaa hakutamuuma."

"Na kusimama, daktari?"

Daktari alikuwa ameshashika picha ya mtu mwingine.

Nyumbani msusi alimwita fundi viatu wa mtaani, ambaye hushona pia mabegi na maturubai. Alimwomba amshonee mikanda ya usalama. Fundi alipima kiuno chake, akapima kiti, akajikuna shingo.

"Kwani basi halikuwa na mikanda?"

"Halikuwa."

"Niishone mingapi?"

"Miwili."

Aliishona kwa utepe mgumu wa kufungia mizigo ya malori, akaipigilia kwenye chuma cha kiti, akaivuta huku amekanyaga kiti kuhakikisha. Mzee aliutazama wa kwake kwa macho ya fundi, akausifia mshono.

"Mimi wa nini tena, binti yangu?"

"Tumekaa pamoja, baba. Funga."

Akafunga. Mchana huo kwenye mkeka palikuwa na mwanamke anayesukwa kwa ajili ya usaili wa kazi. Kona ilipokaribia, msusi alibana kichana kwa meno, akakaza mkanda wake, akamwambia mteja ashike sakafu. Kiti kikalala upande. Utepe ulilia, ukashika. Kilipotulia, mkanda wa mzee ulikuwa bado umefungwa, umezunguka hewa, na msusi alikuwa mahali pake, hajasogea hata kidogo. Alisubiri maumivu ya nyonga. Hayakuja. Aliendelea kuyasubiri, kisha akaelewa kwamba mfupa umeunga kweli, akatoa kichana mdomoni na kulia.

Mteja hakugeuka. Aliinamisha kichwa, akangoja mpaka msusi alipomaliza, akauliza kama wanaendelea na upande huu au waanze ule mwingine.