Majina Sitini na Manane ya Fontenoy

Jacques alikuwa na shingo ngumu, na mkewe Marthe alilijua hilo tangu Lubumbashi. Hata hivyo, siku aliposema kwamba Jumamosi atatetea tasnifu yake mbele ya profesa wa kweli, tena katika chumba cha kanisa juu ya duka la blanketi, Marthe aliacha kichana ndani ya nywele za mteja akamkazia macho.

"Ile ya Wazungu wa makoti mekundu?"

"Ile ile, Mama Arlène."

Ilikuwa na kurasa mia na kumi na mbili, zilizopigwa taipu mwaka 1998, juu ya kikosi cha askari wa miguu kutoka Ayalandi waliompigania mfalme wa Ufaransa. Kijana wa Katanga alitafuta nini kwa Waayalandi? Alitafuta kitabu cha kusoma, basi. Mapadre walipoondoka waliacha masanduku ya vitabu, na ndani yake babu yake Jacques hakuandikwa hata kwenye ukurasa mmoja. Alichukua alichokikuta, akakisoma mpaka kikawa chake. Utetezi ulipangwa Agosti. Agosti hiyohiyo vita ikazuka, msimamizi wake akatoweka, na Jacques akavuka kuingia Zambia karatasi zikiwa chini ya mashati. Sasa ilikuwa 2018, na kwa miaka kumi na moja alikuwa mlinzi wa mlango wa duka la jumla katikati ya Johannesburg, akikagua risiti na mifuko ya watu.

Aliposikia kwamba Profesa Théodore, wa idara yake ya zamani, amekuja kumtembelea binti yake kwenye mtaa wa Berea, mlemle Johannesburg, alimfuata siku hiyohiyo.

"Chuo hakitakupa diploma kwa mambo ya kanisani," Théodore alimwambia. "Unajua vile?"

"Najua. Siko naomba karatasi, Prof. Niko naomba maulizo."

"Naweza kukuangusha."

"Ukiona nastahili, uniangushe. Lakini uniangushe mbele ya watu."

Hilo tu ndilo alilolitaka, na lilimnyima usingizi wiki nzima: mtu mmoja anayejua amwambie kama kazi yake ni kazi, au kama kwa miaka ishirini alikuwa akitunza takataka.

Jumamosi mchana viti vilijaa. Walikuja wasusi wenzake Marthe, mafundi cherehani, walinzi waliotoka zamu. Khatibu, mtu wa Tanga anayeuza kava za simu pembeni ya duka analolinda Jacques, alikaa mbele kabisa kwa kuwa alisikia kutakuwa na chakula. Arlène, binti yao wa miaka kumi na sita, alikaa nyuma na simu yake. Théodore alitaka Kifaransa, kama ilivyo desturi. Jacques akakataa. Waliokuja kumsikiliza hawakuja kukaa bubu, alisema, akaanza kwa Kiswahili.

Aliwaeleza juu ya watu waliokimbia kwao wakaenda kula mkate wa mfalme wa wengine. Askari wa Ufaransa walivaa koti jeupe. Wao wakabaki na lao jekundu. Shida ni kwamba Waingereza, yaani adui, nao walivaa jekundu. Mwezi Mei 1745, pale Fontenoy, Waayalandi walipanda kilima na singe kwenye bunduki zao wakawavunja Waingereza. Halafu, katikati ya moshi, wapanda farasi wa Kifaransa wakaona makoti mekundu, wakawavamia na panga. Watu wakauawa huku wakipiga kelele kwa Kifaransa kwamba wao ni wa Ufaransa.

"Hata baada ya kusema?" Khatibu aliuliza bila kunyoosha mkono.

"Hata baada ya kusema."

Mle ndani walikuwamo watu waliowahi kusimamishwa barabarani na kuulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, ili ijulikane kama ni wageni, na kujibu sawasawa hakukuwasaidia kitu.

Théodore alifungua ukurasa wa sitini na moja. "Hapa umeandika kwamba waliobaki walisamehe. Ushahidi uko wapi?"

Jacques alijisomea mstari ule, akajicheka. "Sina. Nilikuwa kijana, sijawahi kuwa mgeni mahali popote. Nafuta." Akaukata kwa kalamu, mbele ya wote.

Théodore akainamisha kichwa kwa kuridhika, akaendelea kumbana kwa saa nzima, juu ya mishahara, juu ya maofisa, juu ya idadi ya mizinga. Jacques alijibu yote bila kupepesa macho. Mwishowe profesa akavua miwani.

"Sura ya nne. Kurasa tisa za majina matupu. Askari sitini na wanane waliokufa, walikozaliwa, urefu wao, alama za mwili. Hakuna hoja humo, ni kujaza kurasa. Uiondoe, nami nakupa distinction."

Minong'ono ikapita. Kwa Wakongo wa mle ndani neno hilo halikuhitaji maelezo. Ni daraja la juu, la kujidai nalo mpaka uzeeni.

"Papa, chukua tu," Arlène alisema kutoka nyuma. "Ni list tu."

Jacques alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni, na hakutaka kuificha. "Karani wa jeshi aliwaandika ili wakitoroka wakamatwe. Hakuwa na nia nyingine. Majenerali wana vitabu vyao, hawa wana kurasa zangu tisa. Kuna mmoja anaitwa Denis Mahony, wa Kerry kulekule Ayalandi, mshona nguo, alama ya ndui kwenye shavu la kushoto. Nikimtoa, anabaki wapi? Anabaki kwenye 'wageni kadhaa waliuawa kwa makosa'. Eish, Prof. Sisi tunajua vile banatuhesabu."

"Hiyo ni hisia, si historia."

"Basi andika kwamba mwanafunzi ana hisia. Majina yanabaki."

Théodore alitoka kwenda kujadiliana. Alikuwa peke yake, lakini utaratibu unataka jopo litoke, basi akatoka, akasimama kwenye ngazi. Sasa, kwa Wakongo, aliyefaulu humwagiwa poda kichwani na mabegani, kisha hupita mjini akiwa mweupe ili kila mtu ajue. Ila hakuna anayemwaga kabla ya matokeo kusomwa. Kufanya hivyo ni kujitafutia aibu.

Marthe alisimama, akatoa kopo la poda ya watoto mkobani, akammwagia mumewe lote.

"Mama Arlène, Prof hajarudi."

"Arudi, asirudi. Mimi nimesikia."

Théodore aliporudi alimkuta mtahiniwa wake mweupe mpaka kwenye nyusi, na wanawake wanapiga vigelegele. Alibaki mlangoni na karatasi yake.

"Nani ametangaza matokeo?"

Profesa akamgeukia Jacques.

"Kwa mara ya mwisho. Sura ya nne?"

"Inabaki."

"Basi ni satisfaction. Daraja la chini kabisa." Akampa mkono, poda ikamshika kiganjani. "Lakini ni kazi, Jacques. Umefaulu."

Jacques alilia bila kujifuta. Kisha akatazama saa, kwa kuwa zamu yake ilianza saa kumi. Alikatiza mitaa akiwa vilevile, wachuuzi wakimcheka, madereva wa teksi wakimpigia honi. Mlangoni meneja alimwona, akamwambia kwa Kiingereza, "Congo, kaoshe kichwa. Utawafukuza wateja."

"Leo sioshi."

"Basi nakuripoti." Meneja akavuta kitabu cha zamu, akafungua kalamu, kalamu ikasimama hewani. "Jina lako nani?"

Jacques akalitaja lote, majina matatu, polepole, akamsimamia mpaka la mwisho lilipoandikwa. Ndipo akamgeukia mteja aliyekuwa akingoja, akaomba risiti yake.