Mwalimu Asiyepiga Drams

Mimi mtu akinipa kitu cha bure, kwanza najiuliza anataka nini. Mzee Andati alinifundisha drams miezi mitatu bila kuniomba hata kikombe cha chai, na hilo peke yake lilininyima amani.

Alikaa mtaani kwetu Mbotela, mlango wa tatu kutoka kwetu. Watu walisema ujanani alipiga roki mahotelini, kisha akawa anaitwa studio kuwapigia waimbaji wengine. Mimi sikuwahi kumwona akipiga. Drams zake zilikuwa pembeni, zimefunikwa blanketi, na mimi alinikalisha mbele ya mto wa kulalia.

"Kulia, kushoto, kulia, kulia. Kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Polepole."

"Mwalimu, huu mto haurudishi kijiti."

"Ndiyo maana. Drams zinakuinulia mkono. Hapa utainua mwenyewe."

Nilipiga mto mpaka viganja vikaota sugu. Alinirekodi kwa simu, eti aangalie mikono yangu baadaye. Kisha maswali: kwaya yenu inarekodi lini? Nani mwingine anataka kupiga? Kiti kile cha drams nilikitaka kuliko kitu chochote duniani, na mpinzani niliyemjua alikuwa Muoki, mwanakwaya mwenzangu, pekee.

Siku moja mzee alikuwa anachemsha maji, simu yake ikawaka mezani. Ujumbe ulitoka kwa Laban, kiongozi wa kwaya yetu: "Video ya Kathini nimeiona. Tuongee." Kathini ni mimi. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto.

"Mwalimu," nikamwambia, "nipigie hilo zoezi leo, nikuone."

Akauficha mkono wa kulia mfukoni. "Siku ingine."

Basi, nikajua. Mzee ananichongea, kiti anakitaka yeye.

Alhamisi Laban alitutangazia kwamba studio ya Dandora imetusogeza kutoka Jumapili hadi Jumamosi asubuhi. Akaniita kando. "Umwambie Mzee Andati."

Nimwambie ya nini, na yeye si wa kwaya? Ijumaa mzee aliniuliza, "Bado ni Jumapili?"

Nikamtazama machoni. "Bado."

Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja sana, na usingizi nikaupata vizuri.

Jumamosi tulipofika studio, Laban alinionyesha kiti cha drams, kisha akatazama mlangoni.

"Mzee yuko wapi?"

"Sijui."

"Kwani hukumwambia? Hiki kiti nilimpa yeye kwanza. Akakataa. Mkono wake wa kulia ulipooza, hashiki kijiti. Akasema nisihangaike, yuko na msichana. Kila wiki alinitumia video zako mpaka nikakubali. Na aliomba kitu kimoja tu, akae hapo nyuma asikie."

Nikampigia simu. Haikushikwa. Fundi wa studio akasema muda wetu umeanza kwenda, hawezi kungoja mtu. Nilipokuwa nakaa, ujumbe ukaingia.

"Nilikuwa napiga pasi shati la kesho. Leo usijichoshe, piga mto kidogo tu."

Laban akahesabu mpaka nne. Kulia, kushoto, kulia, kulia. Nilipiga nyimbo zote sita na sikukosea hata mara moja, na benchi la nyuma lilikuwa tupu.