Ndugu wa Kitanda Kimoja

Katika shule ya watoto wa askari, nyuma ya kambi ya Kapalata, kila mtoto alipewa vitu vitatu siku ya kwanza: kaptula mbili za kaki, sahani ya bati, na ndugu wa kitanda. Vitanda vilikuwa vya mbao, kimoja juu ya kingine. Yule aliyelala juu yako au chini yako ndiye aliyekuwa mtu wako mpaka siku ya kutoka. Mnakula pamoja. Bunduki yake ikishika kutu, wewe unaisugua. Na akikosa, wewe ndiye unayemchapa.

Fimbo zilikuwa kumi, za ngozi ya kiboko. Mwenye kuchapwa alihesabu mwenyewe, kwa Kifaransa, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye bendera. Baada ya fimbo ya kumi alimgeukia ndugu yake akasema: merci, yaani asante. Neno hilo ndilo lililofunga kesi. Maana yake, nimekubali nilikosa. Bila merci, kumi zile zilikuwa za bure, zinaanza upya. Lakini hakuna aliyewahi kulikataa. Wengine walilisema hata kabla ya kufika kumi.

Lukumani alilala juu, Émile alilala chini.

Lukumani alikuwa mtoto wa hapa hapa Kisangani, wa familia ya Kiislamu. Papa yake alirudi kutoka vita vya Abisinia na chuma ndani ya goti, na galoni moja, utepe wa cheo, begani, na tangu hapo alizungumza habari ya galoni kama watu wengine wanavyozungumza habari ya mvua. Émile alitoka Basoko. Papa yake alikufa akiwa askari; mama yake, Florentine, alikausha samaki juu ya moshi na kuwauza.

“Mwarabu mweusi,” Émile alimwita rafiki yake, “mbona hujui hata kuogelea? Babu zako walivuka mto huu namna gani?”

“Juu ya migongo ya babu zako, mtoto wa samaki.”

Wakacheka mpaka sergent wa zamu, Kasongo, akapiga mlango kwa teke.

Mara moja Lukumani alipoteza kifungo cha shati, na Émile akapewa fimbo ya kumchapa. Émile alijua ujanja. Aliinua mkono juu kabisa, akaleta fimbo chini kwa kelele, na dakika ya mwisho akalegeza kifundo cha mkono. Lukumani alilia kama mbuzi wa sikukuu. Kitandani wakauma blanketi wasisikike wakicheka.

Basi hivyo ndivyo walivyokuwa, mpaka Jumanne ile.

Wafungwa wa kambi walipandisha maji kutoka kijito kila asubuhi, ndoo kichwani, kamba shingoni. Kati yao alikuwa mzee mmoja, Papa Asumani, aliyefungwa kwa sababu shamba lake la pamba la lazima lilikuwa limejaa majani. Mvua ilikuwa imelainisha njia. Mzee aliteleza, akaanguka kwa magoti, ndoo ikamwagika, na wale waliofungwa naye kamba moja wakavutwa shingo. Askari mlinzi akampiga mzee kwa kitako cha bunduki, hapa kwenye sikio. Damu ikatoka. Akainua kitako tena.

Émile akatoka kwenye mstari. Hakukimbia, hakusema kitu. Alishuka kijitoni, akajaza ndoo, akaiweka juu ya kichwa chake, juu ya kofia ya shule, akapanda nayo mpaka kwenye pipa. Maji yakachuruzika juu ya vifungo vyake vya shaba. Watoto wakacheka kwa hofu, maana adjudant alikuwa amesimama barazani na kikombe chake cha kahawa.

Adjudant huyo, mzungu mkuu wa shule, watoto walimwita Pilipili, kwa sababu ya shingo yake nyekundu.

“Nani alituma weye?” Pilipili aliuliza.

“Hakuna, mon adjudant.”

“Askari nabeba mizigo ya mufungwa?”

“Iko muzee, mon adjudant. Iko sawa na nkoko yangu, babu yangu.”

Pilipili akamwaga kahawa iliyobaki chini. “Bon. Lukumani! Ndugu yako.”

Lukumani alitoka mstarini. Siku tano zilikuwa zimebaki kufika Jumapili, na Jumapili hiyo galoni moja, moja tu kwa shule nzima, ingewekwa kwenye mkono wa caporal wa wanafunzi. Kila mtu alijua ni ya Lukumani, na akiikosa yeye, ni ya René. Papa yake alikwisha kufunga mbuzi nyuma ya nyumba.

Émile alilala juu ya benchi bila kushikwa. Akageuza kichwa, akamkonyeza ndugu yake. Lukumani akainua fimbo juu, akaileta kwa kelele, akalegeza kifundo.

“Hapana,” Pilipili alisema. Akaja, akasimama karibu mpaka Lukumani akasikia harufu ya tumbako. “Miye iko na macho. Mara ingine namna hii, galoni inaenda kwa René. Anza.”

Lukumani akaanza.

“Un!” Émile alihesabu. “Deux!” Kwenye ya nne kaptula ilipasuka. Kwenye ya saba sauti yake ilipanda juu, ikakatika, ikarudi. Ya kumi: “Dix.”

Watoto sitini walingoja. Ndege walikuwa wakipiga kelele kwenye michikichi.

“Alors?” Pilipili akasema.

Émile aligeuza uso. Mdomo wake ulikuwa na damu pale alipouma. “Kubeba ile maji si kosa,” akasema. “Nikisema merci, nimesema nilikosa.”

“Tena,” Pilipili akasema.

Lukumani akainama kama anayerekebisha benchi. “Sema, ndeko, ndugu yangu,” akanong'ona. “Neno moja tu. Linakuuma nini?”

“Wewe acha.”

“Mimi siwezi kuacha.”

“Fimbo iko mukononi mwa nani?”

Hapo ndipo Lukumani alipokasirika. Miaka mingi baadaye bado alikumbuka kwamba alikasirika kweli, kama mtu aliyeibiwa. Papa yake, mbuzi, goti lenye chuma, vyote vilikuwa vimefungwa kwenye ulimi wa mtoto huyu wa samaki. Akapiga. Hakulegeza kitu. Ya kumi na tano ilichana ngozi, na ya kumi na sita ikaingia palepale. Émile aliendelea kuhesabu, maana kuhesabu hakukuwa kosa. “Dix” ya pili, bila merci. “Tena.” Fimbo ilikuwa nzito kwa damu na matone yaliruka juu ya viatu vya Pilipili, ambaye alirudi nyuma hatua moja tu. Papa Asumani alilazimishwa kutazama, kamba shingoni. “Sema, mwana,” mzee akalia, “sema, mimi ndiye ninayekuomba!” Fimbo moja ilikosa makalio ikaangukia kiuno, kwenye figo. Émile alitoa sauti ambayo Lukumani hakuwahi kuisikia kwa mtu. “Dix” ya tatu ilitoka kama pumzi.

Kimya.

“Tena.”

Moja, mbili, tatu, nne. Hapo hakukuwa na hesabu tena, Émile alikuwa amenyamaza kabisa. Na Lukumani, akiwa ameinama juu yake na mgongo wake umemfunika, akafunga macho akasema mwenyewe, kwa sauti nyembamba ya Émile: “Merci.”

Pilipili alicheka. Alijua. “Voilà,” akasema, akaenda kufuta viatu.

Thelathini na nne.

Émile alilala siku mbili katika chumba cha wagonjwa, akikojoa damu. Jioni ya pili Lukumani aliruhusiwa kumletea wali. Uso wa Émile ulikuwa umevimba, macho kama mistari.

“Mwarabu,” akasema. “Mimi sikusema, kweli?”

“Hukusema.”

“Nilisikia mutu anasema.”

“Ilikuwa mimi.”

Émile akasukuma sahani ya wali. “Basi mama asisikie kama ni mimi niliyesema. Umwambie.”

Alikufa kabla ya bendera kupandishwa. Wafungwa walichimba shimo, Papa Asumani mmoja wao.

Pilipili alipanga watoto. “Émile alikufa na nini?”

“Homa, mon adjudant!”

“Sisikii.”

“Homa, mon adjudant!”

Aliuliza mara nyingi. René alipochelewa kidogo kujibu, sergent Kasongo akampiga kofi mpaka akaanguka. Lukumani alijibu pamoja na wenzake. Na Jumapili alipata galoni. Papa yake alilia mbele ya watu, akagusa kile kitambaa chekundu kwa kidole kimoja, na jioni walikula mbuzi. Lukumani alitapika nyuma ya nyumba palepale kamba ya mbuzi ilipokuwa bado imefungwa.

Mama Florentine alifika Jumatatu. Alikuwa anakuja kwa sikukuu ya galoni, lakini mashua yao ilikwama kwenye mchanga karibu na Isangi, wakalala huko. Alikuja kwa miguu kutoka bandarini, na kapu la samaki wa moshi kichwani, kitambaa kipya. Watoto walikuwa wamepangwa uwanjani. Pilipili alimwambia mwenyewe, kofia mkononi, kwa sauti nzuri. Homa. Homa kali. Pole, mama.

Mama hakulia. Alitua kapu chini polepole. “Homa ya siku ngapi?” akauliza.

“Mbili.”

“Mwanangu alizaliwa kwenye maji ya mto Aruwimi. Homa alizikula kama mkate.” Akatazama mistari. “Ndugu yake wa kitanda iko wapi? Aliniandikia juu yake. Yule Mwarabu.”

Sergent Kasongo akamtazama Lukumani kwa jicho ambalo halikuhitaji maneno.

Lukumani alitoka. Miguu ilimpeleka mpaka mbele ya kapu. Harufu ya samaki ilikuwa ni harufu ya shuka za Émile kila alipotoka likizo.

“Mama, hakuna homa. Mimi nilimupiga. Thelathini na nne.”

“Funga kinywa!” Pilipili akapiga kelele.

“Alibeba maji ya muzee mufungwa. Walitaka aseme merci, aseme alikosa. Hakusema. Mutu aliyesema ilikuwa mimi, kwa sauti yake. Yeye hakusema, mama. Aliniomba nikuambie.”

Mama Florentine alimpiga. Si kofi la mwanamke anayelia, hapana. Alikunja ngumi iliyozoea kupasua vichwa vya kambare, akampiga mdomoni, na Lukumani akaanguka. Akasimama. Akampiga tena, jino likatoka. Akasimama tena, damu ikishuka juu ya galoni.

“Merci, mama,” akasema.

Mkono wa mama ulibaki juu. Halafu ukashuka. Akainama, akabeba kapu lake. “Kaburi liko wapi?” akauliza. Papa Asumani, aliyekuwa kwenye pipa na kamba yake, ndiye aliyenyoosha kidole.

Mama alipokuwa bado anakwenda, Lukumani aling'oa galoni kwa meno yaliyobaki akaitema.

Walimlaza juu ya benchi lile lile. Ndugu wa kitanda hakuwa naye tena, kwa hiyo Pilipili akamwita René. René alisimama, mikono imegandana na kaptula, na hakushika fimbo. Wakampiga yeye pia. Mwisho sergent Kasongo alivua shati lake, akafanya kazi mwenyewe.

Lukumani alihesabu mpaka dix. Wakangoja. Akahesabu mpaka dix ya pili. Wakangoja. Kutoka makaburini ilisikika sasa sauti ya mama, akianza kulia kwa lugha ya kwao, akimwita mwanawe kwa jina la nyumbani ambalo hakuna mtu shuleni aliyelijua.

“Sema,” Kasongo akasema, akipumua kwa shida. “Sema, mutoto, mukono inaniuma.”

“Basi acha,” Lukumani akajibu.