Barafu Haizaliwi Juani

Kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi, nilivuta pazia ili jua lisipige skrini, nikaweka kikombe cha chai mbali na kompyuta, kisha nikaipandisha ramani ya satelaiti juu ya ramani ya modeli yetu. Rangi zilipotofautiana, niliandika namba daftarini. Kazi ya kushona, nilikuwa nikijiambia: mshono kwa mshono, kimya kimya.

Asubuhi ile kalamu ilisimama njiani.

Nilikuwa napitia kiangazi cha mwaka uliotangulia, mraba mmoja wa bahari karibu na Ncha ya Kaskazini. Tarehe ishirini na nane ya mwezi wa sita, satelaiti ilisema nusu ya barafu ya mraba huo imekwisha. Siku tano baadaye ikasema imerudi. Nikadhani upepo umeisukuma kutoka miraba ya jirani. Nikawaangalia majirani: nao walikuwa wamepoteza na kupata siku zilezile. Nikaangalia joto la hewa. Halikushuka chini ya sifuri hata siku moja.

Chai ikapoa. Barafu haizaliwi juani.

Miaka saba imepita tangu siku hiyo.

Tulikuwa watatu katika kazi ile: mimi na Chiriku chumba kimoja, na Mwalimu ofisini kwake. Chiriku aliandika programu, na jina lake alilipata kihalali, maana hakunyamaza hata akila. Mwalimu alikuwa mkuu wetu. Ujanani aliwahi kupima barafu kwa mikono yake mwenyewe, na baridi ikamla ncha ya kidole cha mwisho. Akikuelekeza jambo kwenye skrini, alikuelekeza kwa kidole hicho.

Modeli ni bahari iliyokatwa miraba ndani ya kompyuta. Kila mraba huulizwa maswali: una barafu kiasi gani, jua linakupiga vipi, maji chini yako yana joto gani? Barafu nyeupe hurudisha jua lilikotoka. Maji meusi hulimeza. Ukikosea kidogo mwezi wa sita, utavuna kosa la gunia zima mwezi wa tisa.

Nasi tulikuwa tunavuna. Kila mwaka modeli yetu ilifika mwezi wa tisa imeishiwa barafu ambayo baharini bado ilikuwapo. Miaka mitatu tulimtafuta mchawi. Tulilaumu mawingu, tukalaumu mikondo ya maji. Siku moja Chiriku alilaumu feni ya ofisi. Mwezi wa sita pekee hatukuushuku, kwa kuwa mwezi huo modeli na satelaiti zilikubaliana kama pacha. Mwalimu ndiye aliyezipatanisha. Aliongeza kasi ya kuyeyuka, kidogo kidogo, mpaka mistari miwili ikawa mmoja. Ilikuwa fahari yake.

Nilifungua kabati la picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Moja ilitosha. Barafu ilikuwa imetanda, nzima, imara, na juu yake madimbwi ya buluu mamia kwa mamia. Chombo cha satelaiti hakijui kutofautisha dimbwi lililo juu ya barafu na bahari iliyo wazi; kwake maji ni maji. Madimbwi yalipovuja kwenye nyufa, barafu "ikarudi". Jambo hilo sote tulilisoma chuoni. Lakini data ilitufikia na maelezo kwamba imeshasafishwa, na hakuna aliyeuliza imesafishwa nini. Basi tukaifundisha modeli kuua barafu nzima iliyokuwa imelowa tu.

"Wewe, mbona umekodoa macho hivyo?" Chiriku aliuliza. "Umeona jini?"

Nilimwonyesha. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama yangu! Na saa kumi jioni ndiyo tunafunga!"

Saa kumi mipangilio yetu ingetumwa kwenye kituo kinachotabiri njia za meli kwenye barafu. Baada ya hapo haingeguswa mwaka mzima. Nahodha angeambiwa mbele ni maji, akute ukuta.

"Haya, kamwambie Mwalimu," alisema Chiriku.

"Mwambie wewe."

"Thubutu! Leo sisomi vikaratasi vyako. Mdomo unao, tena mzuri."

Kwenye vikao maoni yangu niliyaandika kwenye karatasi, yeye akayasoma. Mimi ni kitinda mimba wa watoto sita. Kila nililotaka kusema nyumbani lilikuwa limeshasemwa na mkubwa wangu. Mama aliwaambia wageni, "Huyu ameweka maneno akiba. Mtayasikia akizeeka." Tena Mwalimu hakuwa mkuu wa kazi tu. Baba alipofariki, nikiwa mwaka wa pili chuoni alikokuwa akinifundisha, aliniletea madaftari hadi nyumbani, akakaa sebuleni na mama mchana kutwa kama ndugu yetu. Mtu kama huyo unamwambiaje?

Nilibisha hodi ofisini kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Mbona unahema?"

"Labda... kama hutajali, tungeiendesha modeli mara moja zaidi. Labda mwezi wa sita una unyevu kidogo."

"Unyevu?" Alinitazama juu ya miwani.

"Labda."

Alitazama saa ya ukutani. "Inachukua saa tano."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Haya. Lakini saa kumi ni saa kumi."

Nilirudi mbio. Niliiondoa kasi ile aliyoiongeza, nikaiambia modeli isiiamini satelaiti pale barafu inapolowa. Chiriku alikagua kila mstari akinong'ona, "Taratibu, vidole vyako vinacheza ngoma." Saa tatu na nusu tuliiachia.

Sikumbuki nilikula nini mchana ule, au kama nilikula. Saa nane na nusu mstari ulianza kujichora. Mwezi wa tano, sawa. Mwezi wa sita ukaachana na satelaiti, ukapanda juu peke yake, mbaya kweli kweli.

"Tumekwisha," alisema Chiriku.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yetu, sikumsikia akiingia. Mwezi wa saba mistari ikasogeleana. Wa nane. Mwezi wa tisa mstari wetu ukashuka, ukatua juu ya vipimo vya baharini kama ndege anayejua tundu lake. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Mwaka wa tatu vivyo hivyo! Chiriku alipiga kigelegele mpaka mlinzi akaja kuuliza nani anaolewa. Nami nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja.

Mwalimu hakucheka. Alivua miwani, akainama kuutazama mwezi wa sita.

"Asubuhi umeniambia 'labda' mara tatu," alisema taratibu. "Ulikuwa unamaanisha nini?"

Chiriku alifungua kinywa. Mwalimu akainua mkono.

"Namuuliza yeye."

Nikasimama. Niliwaza hata kutafuta karatasi.

"Nilimaanisha umekosea, Mwalimu," nikasema. "Miaka mitatu yote. Barafu ilikuwapo. Ilikuwa imelowa tu."