Kikombe cha Akina Gittens

Daktari Ianthe Gittens hakuwa na subira na mtu asiyejua kazi yake, na siku ile alikuwa na hamu ya kumpata mmoja. Mwenzake, Denzil Haynes, alikuwa amekusanya picha za zamani za neva ya jicho pale kliniki yao Bridgetown, akazifuta majina, akawapa madaktari wote wazitazame. Swali lilikuwa moja tu: glakoma, ugonjwa unaopofusha polepole, au salama? Ianthe hakutulia tangu asubuhi. Alitaka matokeo.

"Umewapiga bao wote," Denzil alimwambia. "Ila kuna hii ya jicho la kulia. Wewe umesema glakoma, faili linasema salama."

Ianthe akaivuta kompyuta kwake. Katikati ya neva kuna kishimo ambacho madaktari hukiita kikombe, na hiki kilikuwa kipana mno. Upande wa chini, ambao ndio huona vya juu, ukingo wake ulikuwa umeliwa.

"Hii? Nani huyo aliyesema salama?"

"Taratibu, dada."

"Taratibu ya nini? Mtu karudishwa nyumbani kaambiwa yu mzima, kumbe anapofuka! Mjinga gani huyo? Alisomea wapi, sokoni?"

Denzil hakucheka, naye ni mtu wa kucheka hata pasipo na kichekesho. Alibonyeza kitu, jina likatokea juu ya picha: Orville Gittens. Baba yake Ianthe.

Kisiwani Barbados vikombe vipana ni jambo la kawaida. Wengi huzaliwa navyo wakazeeka navyo wakiona vizuri, na madaktari wa huko wamezoea kutovitilia shaka. Mwaka juzi Ianthe mwenyewe ndiye aliyempiga mzee picha ile, akamtania: "Baba, hiki kikombe cha akina Gittens. Hata bibi alikuwa nacho." Ukingo hakuutazama. Alitazama jina, akaridhika, akaandika salama. Matusi yote aliyomtupia yule mjinga sasa yalikuwa yake, na yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Akampigia mzee simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena huku akitafuta funguo za gari, akapiga tena kwenye foleni, akimpigia honi kila aliye mbele yake kana kwamba wote walikuwa na hatia. Bibi alikuwa nacho, ndiyo. Na bibi alikufa haoni kitu, na ukoo mzima ukasema ni uzee tu.

Alimkuta baba jikoni, akisonga sima ya bamia, plasta imebandikwa kwenye paji lake la uso.

"Baba! Kwa nini hupokei simu?"

"Sima haiachwi, mwanangu. Ikiingia mabonge utaila wewe?"

"Na hapo usoni?"

"Mlango wa kabati ule wa juu. Kuna mtu anauacha wazi kila siku."

"Baba, unaishi peke yako."

"Ndiyo maana namshuku sana huyo mtu."

Ianthe hakuweza kucheka. Alizima jiko, akamkalisha kitini, akakaa mbele yake magoti yakigusana.

"Ziba jicho la kushoto. Nitazame puani, usihamishe macho. Ukiona kidole changu kinacheza, sema."

"Nimefanya kosa gani tena?"

"Nitazame puani tu, baba."

Mzee akaziba jicho, akanyoosha mgongo, akatulia kama anayepigwa picha ya pasipoti. Alifurahi kushughulikiwa na binti yake, ilionekana wazi. Ianthe akainua mkono juu kidogo ya usawa wa nyusi zake, akachezesha kidole. Akausogeza katikati, akachezesha kwa nguvu zaidi. Akauteremsha kidogo. Vidole vyote sasa vilikuwa vinacheza, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Haya, daktari wangu," mzee akasema, "anza basi. Sima inapoa."